Mpangaji akihama, umeme wake wa jua huenda wapi?

Na Mwandishi Wetu

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam au Nairobi, umeme wa jua ni paneli iliyofungwa juu ya bati, ambayo mwenyewe akihama huifungua na kuondoka nayo. Katika jimbo la Illinois, Marekani, yupo mteja wa umeme wa jua asiye na paneli hata moja.

Mteja huyo, aghalabu mpangaji wa ghorofani jijini Chicago, hujiandikisha kupata fungu la umeme unaozalishwa na mitambo iliyo mbali na anapoishi. Thamani ya fungu hilo hupunguzwa katika ankara yake ya umeme wa kawaida, naye huilipa kampuni ya jua kiasi kilicho chini ya punguzo hilo. Tofauti inayobaki ndiyo faida yake.

Ugumu huanza siku ya kuhama. Sheria ya nishati ya jimbo hilo, iliyotiwa saini Desemba 2016, iliagiza kwamba mteja aweze kubaki na fungu lake anapobadili anwani, au kumwachia ama kumuuzia mtu mwingine. Ni haki nzito, lakini ina ukuta: yote hayo hufanyika ndani ya eneo la kampuni ile ile ya kusambaza umeme.

Anayetoka Chicago kwenda Rockford bado yumo katika eneo la ComEd, hivyo fungu lake humfuata. Akienda Peoria, ameingia katika eneo la Ameren, na fungu hubaki nyuma. Hapo itambidi atafute wa kumrithi au avunje mkataba, kwa masharti, na ada kama ipo, yaliyomo katika karatasi aliyoitia saini siku ya kwanza.

Hapa ndipo, kwa maoni ya mwandishi huyu, mzigo ulipoachiwa asiyeuweza. Mpango huu huwafaa hasa wasio na paa lao wenyewe, na hao ndio wasiokaa mahali pamoja. Kusaka mrithi wa mkataba si kazi ya mtu anayefunga virago.

Aidha, wengi hudhani kwamba kufunga akaunti ya umeme kunamaliza yote. La hasha, kampuni ya jua ni nyingine, na mkataba wake ni mwingine. Kwa kuwa punguzo huchelewa kuingia, ankara ya miezi iliyopita yaweza kumfikia mteja akiwa amekwisha kuhama. Asiyetoa taarifa mapema kwa maandishi, pamoja na namba ya akaunti ya makazi mapya, asishangae kuendelea kudaiwa kwa nyumba anayoishi mtu mwingine.