Misri haiishii kwenye piramidi tatu

Ratiba za kampuni nyingi zinazouza safari za Misri zinafanana kana kwamba zimenakiliwa. Siku ya kwanza piramidi za Giza na picha juu ya ngamia. Siku ya pili makumbusho. Kisha ndege ya kwenda Luxor, Bonde la Wafalme, hekalu la Karnak, meli ya kupanda mto hadi Aswan, na muda ukiruhusu, Abu Simbel. Mgeni anarudi nyumbani na picha ambazo jirani yake alishazituma kwenye kundi la WhatsApp mwaka jana. Mwaka 2024 watalii wapatao milioni 15.7 waliingia nchini humo, na kuzinduliwa kwa Makumbusho Makuu ya Misri mnamo Novemba 2025, hatua chache kutoka kwenye piramidi hizo hizo, kutazidi kuwavuta wote upande mmoja.

Hakuna anayesema Giza irukwe. Atakayefika Cairo akaondoka bila kuiona piramidi ya Khufu ajilaumu mwenyewe. Hoja ni nyingine. Maeneo mashuhuri yanaonyesha kazi ikiwa imekwisha na kung'arishwa. Kazi hiyo ilifanywaje, nani aliifanya, alilipwa nini na alikwama wapi, hayo yako kwingine, na mara nyingi huko kwingine ni mwendo wa saa moja tu kutoka kwenye foleni.

Dahshur, kama kilomita 40 kusini mwa Cairo, ni mfano mzuri. Hapo Sneferu, baba yake Khufu, alijengewa piramidi mbili takriban mwaka 2600 kabla ya Kristo. Moja ina kasoro ambayo hata mtoto ataiona: kuta zake zinapanda kwa mwinuko wa nyuzi kama 54, kisha zikifika katikati zinalala ghafla hadi nyuzi 43, na jengo zima linaonekana limepinda mabega. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ardhi ilianza kutitia na vyumba vya ndani vikapata nyufa. Wajenzi waliingiza magogo ya mierezi kuzuia kuta zisisogee, wakapunguza mwinuko ili uzito wa juu usizidi. Magogo hayo bado yamo ndani. Piramidi iliyofuata, inayoitwa Nyekundu, ilijengwa kwa nyuzi 43 kuanzia chini kabisa. Hawakutaka kubahatisha tena.

Piramidi Nyekundu huingiwa, na kuiingia si lelemama. Unapanda ngazi kwa nje hadi mlangoni, karibu mita 30 kutoka chini, kisha unashuka njia ya zaidi ya mita 60 ukiwa umejikunja, kwa sababu dari iko kama mita moja tu juu ya sakafu. Kesho yake mapaja yatakukumbusha. Kule chini hewa ni nzito na harufu ya amonia inachoma pua. Lakini ukinyoosha mgongo na kutazama juu unaelewa kwa nini watu wanateseka hivyo: dari inapanda safu kwa safu, kila safu ya mawe imesogezwa ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, mpaka pande mbili zinakaribia kugusana zaidi ya mita 12 juu ya kichwa. Mara nyingi hakuna mtu mwingine zaidi ya mlinzi aliyeketi nje mlangoni. Ukijumlisha mawe ya piramidi za Sneferu, pamoja na ile ya Meidum iliyoporomoka, yanazidi mawe ya piramidi kuu ya mwanawe. Mwana ndiye aliyevuna sifa.

Mawe yenyewe nayo yana kisa chao, na kisa hicho kinasimuliwa vizuri zaidi kusini magharibi, katika jangwa la Fayoum. Chokaa iliyojengea piramidi za Giza imejaa visukuku vidogo vya duara, bapa kama punje za dengu. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyezuru Misri katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu walimweleza kuwa ni masalia ya chakula cha wajenzi, yamegeuka mawe. Ukweli ni kwamba hao ni viumbe wa baharini. Misri ya kaskazini ilikuwa chini ya maji, na ushahidi mkubwa kuliko wote umelala Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi, kama kilomita 150 kutoka Cairo.

Huko mifupa ya nyangumi imetanda juu ya mchanga mahali pasipo na tone la maji. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 37 na 40. Mkubwa wao ni Basilosaurus, mnyama mwembamba mwenye urefu wa mita zipatazo 18, na kinachowafanya wanasayansi wasafiri hadi bonde hilo ni miguu yake ya nyuma. Ndiyo, miguu. Ni midogo mno kuweza kubeba mwili ule, lakini ina goti, kifundo na vidole. Nyangumi walitokana na wanyama wa nchi kavu, na hapa wamenaswa wakiwa hawajamaliza kuiacha miguu. UNESCO iliingiza bonde hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005, na tangu 2016 kuna makumbusho madogo yaliyojengwa kwa rangi ya mchanga wenyewe, hivi kwamba ukiwa mbali kidogo huyaoni. Njia za kutembea zimewekewa alama, na magari hayaruhusiwi kupita katikati ya mifupa. Ni miongoni mwa maeneo yanayotunzwa kwa akili zaidi nchini Misri. Mgeni anayekaa Cairo siku tano na kuambiwa hakuna muda wa kwenda huko anadanganywa, kwani ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi usiku.

Luxor nako kuna upofu wa aina yake. Maelfu ya watu hupita kila siku kwenda kwenye makaburi ya wafalme bila kusimama Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba na kuchora makaburi hayo. Kijiji kimebaki misingi tu: nyumba zipatazo 70 zilizobanana ndani ya ukuta mmoja, na njia nyembamba katikati. Maji hayakuwapo, yaliletwa kutoka bondeni. Lakini wakazi wake wengi walijua kuandika, na waliandika kila kitu juu ya vigae na vipande vya mawe: madeni, ugomvi, nguo za kufuliwa, kesi za punda. Kipande kimoja kilichoko British Museum ni daftari la mahudhurio kutoka wakati wa Ramesses II. Huyu hakuja kazini kwa sababu aliumwa na nge. Yule alikuwa anatengeneza pombe. Mwingine alikuwa anamhifadhi ndugu yake aliyefariki. Msimamizi yeyote wa kiwanda cha leo atazitambua sababu hizo, ukiacha hiyo ya mwisho.

Kijiji hicho ndicho kilichotoa mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ambao habari zake zimehifadhiwa kwa maandishi. Ilikuwa mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, karne ya 12 kabla ya Kristo. Mshahara ulikuwa nafaka, na nafaka ilikuwa imechelewa kwa siku 18. Mafundi waliweka zana chini, wakatoka nje ya kuta za makaburi na kwenda kuketi nyuma ya hekalu. Walipoulizwa, walisema wana njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na wakataka Firauni mwenyewe apelekewe habari. Wakuu walihangaika kuwabembeleza, posho ikatoka, ikachelewa tena, na mgomo ukarudi. Karatasi ya mafunjo yenye habari hizo iko Turin, Italia. Anayesoma hayo kisha akaingia kaburi la Sennedjem, fundi wa kijiji hicho aliyejichorea akivuna ngano pamoja na mkewe huko akhera, hataweza tena kuyaangalia makaburi ya wafalme kama kazi iliyoshuka kutoka mbinguni.

Abydos, kaskazini mwa Luxor, itajwe kwa ufupi tu, ingawa hekalu la Seti I lina michongo ambayo rangi zake hazijafifia sana kwa miaka 3,200. Ukutani kuna orodha ya wafalme 76, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho. Hatshepsut hayumo, Akhenaten hayumo, wala Tutankhamun ambaye leo anauza tiketi kuliko wote. Kufuta majina ya viongozi waliopita ni ufundi wa kale.

Kwa msafiri anayetoka Afrika Mashariki kuna kituo kingine ambacho kingepaswa kuwa cha kwanza, nacho ni kisiwa cha Roda, katikati ya Cairo. Kwenye ncha yake ya kusini kuna kisima kilichojengwa mwaka 861, enzi ya khalifa al-Mutawakkil, kwa ajili ya kupimia kina cha Mto Nile. Ngazi zinazunguka kuta hadi chini, na katikati imesimama nguzo ya marumaru yenye pembe nane iliyochorwa alama za dhiraa. Maji yaliingia kwa njia tatu za chini kutoka mtoni. Yakifikia dhiraa 16, mavuno yalitarajiwa kuwa mazuri na kodi ikatozwa kamili. Yakipungua sana ilikuwa njaa, yakizidi sana ilikuwa gharika. Serikali nzima iliisubiri nguzo hiyo kila kiangazi, mpaka Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilipokomesha mafuriko.

Mafuriko yale yalitoka hasa milima ya Ethiopia. Lakini mto ulipokuwa chini, kilichouzuia kukauka kilikuwa zaidi maji ya maziwa makuu, likiwamo Ziwa Victoria, ambayo hutiririka mwaka mzima. Wamisri walilijua hilo vizuri kuliko watoto wa Mwanza na Kisumu walivyofundishwa shuleni. Walichangia gharama za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, wakamweka mhandisi wao pale kufuatilia maji yanayoachiwa.

Ukitoka kwenye kisima cha Roda, katika uwanja huo huo, unakuta makumbusho madogo ya mwimbaji Umm Kulthum yaliyofunguliwa mwaka 2001. Yamo magauni yake, miwani yake myeusi na kitambaa alichokishika mkononi akiimba. Mpenzi wa taarabu wa Zanzibar au Mombasa hahitaji mwongozaji hapo. Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye anayesimuliwa kuwa alimtuma mtu wake Cairo kujifunza kupiga ala ya kanuni, na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, vimekua vikiusikiliza muziki wa mji huo. Ng'ambo ya maji, Zamalek, iko nyumba ya Jumuiya ya Afrika ambako vyama vya ukombozi vilipewa ofisi katika miaka ya 1950 na 1960, wakati Redio Cairo ikitangaza kwa Kiswahili kuwachokoza wakoloni. Hakuna kibao kikubwa wala duka la zawadi. Ni jambo la kushangaza kwamba mawakala wa Nairobi na Dar es Salaam, wanaouza Misri kwa Waafrika, hawaitaji nyumba hiyo hata kwa bahati mbaya.

Hii haimaanishi kwamba kila kilichojificha kifunguliwe. Siwa, karibu na mpaka wa Libya, ndiyo mahali ambapo sifa zinaweza kudhuru. Watu wake wanazungumza Kisiwi, lugha ya jamii ya Waamazigh. Alexander Mkuu alifika huko mwaka 331 kabla ya Kristo kuuliza habari zake kwenye hekalu la Amun. Ngome yao ya kale, Shali, ilijengwa kwa mabonge ya chumvi na udongo, na mwaka 1926 mvua ya siku tatu iliiyeyusha kiasi kwamba wakazi walihama. Uchumi wao ni tende na zeituni, na vyote viwili hutegemea maji ya chini ya ardhi. Visima vilivyochimbwa ovyo vimekwisha kuongeza maji ya chumvi kwenye maziwa na kuharibu mashamba. Kila bwawa la kuogelea la hoteli mpya linaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Wageni wachache wanaokaa siku nyingi wangeifaa Siwa kuliko mabasi yanayoshusha watu wapige picha katika madimbwi ya chumvi na kuondoka.

Mengine yote yaliyotajwa hayahitaji ujasiri wala fedha nyingi, isipokuwa jangwa la magharibi, ambako baadhi ya maeneo huingiwa kwa kibali na ni vizuri kwenda kati ya Oktoba na Machi. Zile saa mbili zinazopotea katika duka la mafunjo na manukato, ambako mwongozaji anachukua asilimia yake, zinatosha kwenda Roda na kurudi. Deir el-Medina iko njiani kabisa. Dereva anachohitaji ni kuambiwa asimame. Kuhusu Dahshur, gari la kukodi la siku nzima kutoka Cairo linaunganisha hapo na Saqqara, na bado mgeni atakuwa hotelini kabla ya chakula cha usiku.