Kigoda cha Utafiti Kiwe na Mwenyewe

Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani hana haja ya kujua kigoda cha utafiti ni kitu gani. Anachokijua ni kwamba mwani wa kotonii, ule wenye bei nzuri, humfia kambani miezi ya joto inapoingia, na kwamba ule wa spinosamu, unaostahimili zaidi, haumpatii ila fedha kidogo. Kila bamvua hushuka pwani na vigingi vyake, na kila bamvua hurudi na mashaka yale yale. Dawa ya tabu hiyo haimo mikononi mwa mnunuzi, wala haitapatikana katika semina ya siku mbili hotelini. Itatoka kwa mtaalamu aliyekaa na tatizo hilo mwaka baada ya mwaka, akiwa na maabara, wasaidizi, na wanafunzi wa kuirithi kazi yake.

Cheo cha mtaalamu wa namna hiyo ndicho kiitwacho kigoda. Ni nafasi ya profesa iliyotengewa fungu lake, ili mwenye nayo aifuate mada moja bila kuvutwa huku na huku na ratiba za kufundisha. Mara nyingi fungu hilo hutoka ng'ambo. UNESCO ilianza mpango wake wa vigoda mwaka 1992, ingawa kwa kawaida yenyewe hutoa jina na udugu wa vyuo, na fedha ni juu ya chuo kuzitafuta. Mwaka 2020 Afrika Kusini na Kanada zilishirikiana kutoa vigoda 10 katika nchi 7 za Afrika kwa jina la marehemu Oliver Tambo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilipata kigoda cha kuchunguza milipuko ya magonjwa ya virusi. Ni heri kubwa, na hatuna neno nayo.

Neno tulilo nalo ni letu sisi watu wa visiwani.

Mwani wa mwitu ulikuwa ukiokotwa katika fukwe zetu na kuuzwa nje tangu zamani, hata ukaanza kuadimika. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amesomea mimea ya bahari huko Hawaii, alianza kuonyesha kwamba mmea huu unaweza kulimwa. Mwaka 1978 Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho ikafunguliwa hapa Unguja. Kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na leo maelfu ya watu wanakitegemea, wengi wao wanawake. Haya ndiyo matunda ya utafiti wa subira. Lakini tazama: katika miaka ya 1990 mtaalamu huyo huyo alikabidhiwa kigoda cha UNESCO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na kigoda chenyewe kilikuwa katika Chuo Kikuu cha Namibia. Namibia iliandaa mahali pa kukiweka. Hatuwalaumu Wanamibia kwa kuwa wepesi; tunajiuliza sisi tulikuwa wapi.

Baadhi ya maofisa husema, na si wabaya kwa kusema, kwamba serikali yenye hospitali za kujenga na visima vya kuchimba haiwezi kulipa maprofesa wa mwani, basi na walipe wafadhili. Hoja hii ina ukweli nusu. Mkataba wa UNESCO ni wa miaka 4, na mikataba mingine haipiti sana hapo. Fedha zikikoma, fundi wa maabara huenda kutafuta riziki dukani, mashine hukaa ikingoja kipuri, na daftari za vipimo hufungwa kabatini. Sisi wenyewe tumewahi kuiona maabara ya namna hiyo, hatutaji mahali, ambamo kitu kilichokuwa kikifanya kazi sawasawa ni saa ya ukutani. Na anayelipa kila kitu ndiye huchagua cha kuulizwa. Mfadhili akipenda matumbawe, tutachunguza matumbawe, mwani utangoje.

Nchi za Afrika zilikwisha kuliona jambo hili zamani. Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 ulizitaka zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na ufundi. Nyingi hazijafika hapo hata sasa.

Kwa hiyo twaishauri Serikali ya Mapinduzi ikiombe kigoda cha mwani na bahari, kiwekwe katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kikifanya kazi bega kwa bega na Taasisi ya Sayansi za Bahari. Fedha za nje zipokelewe kwa mikono miwili. Ila tangu mwaka wa kwanza mshahara wa fundi na wa msaidizi mmoja uwe katika bajeti yetu, na sehemu yetu ipande kila mwaka, hata mkataba utakapokwisha mwenye kigoda asilazimike kufunga virago. Mbegu zitakazopatikana na vipimo vyote vya joto la maji vibaki hapa. Matokeo yasomwe vijijini kwa Kiswahili, mbele ya wakulima, kabla ya kupelekwa mikutanoni Ulaya. Wapo wataalamu wetu, kama Dakta Flower Msuya, waliokwisha kufanya kazi pamoja na wanawake hao majini, wakijaribu kulima kwenye kina kirefu ambako maji yana ubaridi. Njia haianzi kwenye pori tupu.

Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ipo tangu mwaka 2020, na jina lake linaahidi mengi. Waheshimiwa wawakilishi watakapokutana tena Chukwani kupitisha bajeti, tunawaomba waulize swali moja tu: fungu la kigoda cha mwani limo katika ukurasa upi?