DAFTARI JIPYA LA MWISHO WA RELI

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili wanalijua vema akina mama wa Kibirizi na Katonga, ambao alfajiri husimama mchangani wakingoja mitumbwi irudi na dagaa wa usiku. Mchuuzi asiyeandika amenunua kwa kiasi gani, ameuza kwa kiasi gani, na nani angali anamdai, humaliza mwezi akidhani amepata, kumbe amekula mtaji.

Sasa daftari jipya limeingia nchini. Ni kile kibao cha kioo, kipana kuliko simu na chepesi kuliko kompyuta, kiitwacho kishikwambi. Huandika, huhesabu, hupiga picha, hutunza vitabu, huimba na huonyesha mpira. Wako wanaolisifu kana kwamba litatuondolea ujinga na umaskini kwa usiku mmoja. Wako pia wanaolibeza kuwa ni mchezo wa watoto wa mjini. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Kwamba daftari hili linaandika vizuri, hilo halina ubishi. Swali letu ni moja tu: likisha kuandikwa, nani atalisoma?

Natuanze na jambo ambalo kila mwananchi alilishuhudia mlangoni pake. Tarehe 23 Agosti, 2022, nchi yetu ilifanya sensa yake ya kwanza kwa vishikwambi. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, kutoka Ujiji hadi Kakonko, wakiuliza na kugusa kioo. Matokeo ya mwanzo yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba, yaani siku 69 tangu siku ya sensa. Sensa ya tarehe 26 Agosti, 2012, iliyojazwa katika karatasi, ilingoja siku 127 hadi matokeo yake kutangazwa. Ndivyo tulivyojua mapema kwamba tulikuwa watu 61,741,120, na kwamba katika hao mkoa wa Kigoma una watu 2,470,967.

Kazi hiyo ilikuwa njema, na waliotenda wanastahili shukrani. Walakini tujiulize. Karani alikuandika wewe, jamaa zako, na hata bati la nyumba yako. Hesabu zimechapishwa, wala si siri. Je, ni mikutano mingapi ya vijiji na mitaa iliyokwisha kuketi ikazitazama, ili watu wajue wenyewe watahitaji madarasa mangapi na visima vingapi? Mwananchi aliyehesabiwa asiposomewa hesabu, yeye amekuwa mali katika daftari. Hajawa mwenye daftari.

Kwamba inawezekana kuwa vinginevyo, ushahidi hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo. Upo kaskazini ya mji wa Kigoma, katika vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Gombe. Ulimwengu unaijua Gombe kwa sababu ya Jane Goodall, aliyefika huko mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, na aliyefariki Oktoba 2025. Lakini jambo linalotuhusu leo ni la wanavijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionekana wazi kwamba vilima nje ya hifadhi vimebaki vitupu, miti imekatwa, na udongo unateremka ziwani. Mwaka 1994 taasisi ya mama huyo ilianzisha kazi ya kupanda miti na kuinua maisha ya vijiji hivyo.

Baadaye zililetwa picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani, zikatandazwa mbele ya wanavijiji. Wazee wakaziinamia wakaonyesha kwa vidole: hapa ni kijito chetu, hapa ni makaburi, hapa palikuwa msitu nilipokuwa kijana. Kwa njia hiyo mipango ya matumizi ya ardhi ilitungwa na wenye ardhi. Kisha vijiji vikateua walinzi wa misitu kutoka miongoni mwa watu wao, nao wakafundishwa kutumia simu na vishikwambi. Mlinzi akikuta mti uliokatwa, tanuri la mkaa, mtego au kiota cha sokwe, hupiga picha, huandika, na chombo chenyewe hutia alama ya mahali. Taarifa hizo hugeuka ramani, na ramani hurejea kuzungumzwa na wenye msitu.

Tazameni tofauti yake. Kioo ni kile kile alichoshika karani wa sensa. Lakini huku Gombe aliyeandika ni mwanakijiji, kilichoandikwa ni mali ya kijiji, na mwisho wa safari daftari hurudi nyumbani. Mtu akiulizwa kwa nini bonde fulani lisilimwe, hapewi jibu la amri tu; huonyeshwa.

Kutoka huko milimani tuteremke ziwani, ambako jambo hili lina uchungu zaidi. Upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Ziwa ni la nchi nne, sisi na Kongo na Burundi na Zambia, na samaki hajui mpaka; kwa hiyo kupatana na majirani ni jambo la lazima. Hata hivyo miezi mitatu si mchezo kwa mtu ambaye chungu chake kinategemea wavu. Mvuvi, mwenye mtumbwi, mama anayeanika dagaa, mbeba mizigo, wote hula kutoka chombo kimoja.

Mvuvi aliambiwa samaki wamepungua. Hilo alikwisha kuliona mwenyewe wavuni. Lakini upungufu ulianza lini, ni wa kiasi gani, na miezi mitatu ya kujinyima imezaa nini, hayo hayaonekani wavuni. Yamo katika hesabu. Basi yafaa hesabu hizo zianzie mwaloni penyewe na zirudi mwaloni penyewe. Kila asubuhi kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi kiandike katika kishikwambi: mitumbwi mingapi ilitoka, imerudi na kilo ngapi za dagaa na ngapi za migebuka, bei ilikuwa shilingi ngapi. Kisha kila mbalamwezi, wakati ambapo taa za wavuvi hazivuti dagaa na watu wengi wako nchi kavu, hesabu isomwe hadharani: mwezi huu, mwezi uliopita, na mwezi kama huu mwaka jana. Asiyejua kusoma atasikia, na mchoro wa mistari inayopanda na kushuka huhitaji macho tu. Mvuvi akisomewa hivyo, atakubali kwa hoja. Na akikataa, atakataa kwa hoja vilevile. Hapo serikali itakuwa inazungumza na watu wenye daftari lao mkononi.

Wafanyakazi nao wana neno katika jambo hili. Chombo cha kuandika kazi chaweza kumpunguzia mtumishi mzigo, na chaweza kumwongezea. Muuguzi au mwalimu anayetakiwa kujaza kitabu cha karatasi mchana, na kurudia yayo hayo katika kishikwambi usiku, hakuletewa maendeleo. Ameletewa zamu ya pili isiyo na mshahara. Yafaa vyama vya wafanyakazi vidai mapema kwamba daftari jipya likiingia la zamani litoke. Na ikiwa chombo hicho kitaandika pia mtumishi yuko wapi na amefanya nini saa ngapi, basi aelezwe waziwazi nini kinaandikwa na nani atakisoma. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria iliyolala kabatini haimlindi mtu. Humlinda yule anayeijua na kuitaja.

Sasa tuje katika elimu. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vyake viligawiwa walimu, na kwa jumla walimu zaidi ya laki mbili walipata chombo hicho. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Kwa mwalimu wa mwambao wa Uvinza, ambaye kitabu humfikia kwa boti baada ya safari ndefu, si jambo dogo kuwa na rafu nzima ya vitabu ndani ya mkoba.

Lakini je, chombo kitupu chaweza kufundisha? Swali hili lilijaribiwa hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, watoto karibu elfu tatu wa vijiji 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, pamoja na vituo vya kuchajia kwa nguvu za jua. Wengi wao walikuwa hawajui kusoma hata neno moja. Baada ya miezi kama kumi na mitano wengi walikuwa wamepiga hatua ya kuonekana, na Mei 2019 watungaji wawili wa masomo hayo waligawana tuzo kuu. Tujifunze mambo mawili. Kwanza, mtoto wa kijijini hakosi akili, hukosa nafasi. Pili, masomo yalikuwa katika lugha anayoisikia mama yake akiongea. Laiti yangekuwa kwa lugha ya kigeni, kioo kile kingekuwa kioo cha kujitazamia tu.

Mfano mwingine ulikuwa mkoani mwetu wenyewe, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na mfuko wa hisani wa kampuni ya Vodafone waliweka huko madarasa yenye seti ya vishikwambi 25, betri za jua, mtandao na walimu waliofunzwa. Hapo chombo hakikuwa cha mtoto mmoja; kilikuwa cha darasa.

Ndugu wasomaji, hili si geni kwetu. Wazee wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi wakisikiliza redio. Redio ilikuwa moja, watu kumi au ishirini, kiongozi wa kikundi na kijitabu. Kipindi kikiisha, mazungumzo yakaanza. Mazungumzo yakiisha, majembe yakashikwa, vyoo vikachimbwa. Redio peke yake haikuchimba hata shimo moja. Kilichochimba ni watu waliokwisha kusikia pamoja na kuamua pamoja. Kishikwambi kimoja katika kikundi cha namna hiyo, Mwandiga au Kasulu, kitafanya kazi kuliko kumi vilivyofungiwa kabatini kwa kuogopa kuharibika.

Upande wa burudani tutasema machache. Televisheni ilichelewa Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Leo mtoto wa Ujiji anaweza kuwa na sinema nzima mapajani. Wako wazee wanaonung'unika kwamba vijana wameinamia kioo wakasahau baraza. Hatuwalaumu, wala hatutaki kuwanyima vijana furaha. Mtu aliyefanya kazi ana haki ya kucheka. Tena burudani yaweza kufundisha: katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, zimetungwa hapa nchini, nazo hufundisha hesabu kwa Kiswahili na nyimbo. Hatari ni kioo kuwageuza watu wetu kuwa watazamaji wa vya wenzao tu. Kijana wa mwambao huu anayeweza kupiga picha ngoma ya Waha, au kumrekodi fundi wa mitumbwi akieleza kazi yake, naye ameandika katika daftari la taifa.

Yote haya yana gharama, na si uungwana kuificha. Mji wa Kigoma kwa miaka mingi uliangazwa kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na ni mwaka 2022 tu ndipo gridi hiyo ilipoanza kuingia mkoani. Mwenye umeme asisahau yule wa kijiji cha ziwani anayechaji kwa kulipa dukani. Bando la mtandao nalo hununuliwa. Mwalimu asitoe shilingi zake za unga kulipia kazi ya umma. Na kioo kikivunjika, pawe na fundi karibu na vipuri, kwa maana chombo kisicho na fundi ni maiti inayongoja siku yake.

Basi kishikwambi kikiletwa katika shule, zahanati, mwalo au ofisi yako, usiulize kwanza ni cha aina gani. Uliza: nani anaandika ndani yake? Nani analipia? Na siku gani tutakusanyika tusomewe? Ukijibiwa maswali hayo matatu, kipokee kwa mikono miwili. Usipojibiwa, endelea kuuliza. Mali ni yetu, samaki ni wetu, watoto ni wetu. Daftari nalo liwe letu.