Mbalanga si Ukoma

Karani mwenzangu mmoja alipoanza kutoka mabaka meupe midomoni na mikononi, wenziwe waliacha kukigusa kikombe chake. Laiti wangalijua! Mbalanga si maradhi ya kuambukiza, wala kwa mkono, wala kwa chombo, wala kwa kitanda.

Rangi ya ngozi hufanywa na chembe ndogo mno. Kwa mwenye mbalanga, kinga ya mwili, ambayo ni kama askari wa kutulinda na maradhi, hukosea ikaziua chembe hizo, na ngozi hubaki nyeupe kama chaki. Yapata mtu mmoja katika 100 huwa nayo, Wazungu pia, ila kwetu sisi weusi mabaka huonekana upesi.

Baka la ukoma kwa kawaida hufifia tu, tena mara nyingi limekufa ganzi. Fumba macho, mwenzako akuguse hapo kwa unyoya wa kuku. Usipohisi kitu, nenda hospitali usikawie. Ukoma nao hupona kwa vidonge vya miezi 6 au 12, vitolewavyo bure.

Kwa mbalanga daktari hutoa malhamu ya kuituliza ile kinga, au huimulika ngozi kwa mwanga maalumu kwa miezi mingi. Rangi hurudi usoni upesi kuliko vidoleni, na kwa wengine hairudi. Wauzao dawa za kuunguza ngozi waepukeni kabisa, kwani jeraha lenyewe huweza kuzaa baka jipya. Nanyi wakulima, mabaka hayo huungua upesi kwa jua: vaeni kofia na shati la mikono mirefu mwendapo shamba.