Watoto wenye selimundu Kilifi wanakua, nyonga zao zitatibiwa wapi?

KWA zaidi ya miongo mitatu mji wa Kilifi umejulikana katika vyuo na maabara za dunia kwa kazi ya kuwanusuru watoto na vifo. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 na Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini (KEMRI), kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, kimechunguza malaria, homa ya mapafu na maambukizi ya damu kikiwa ndani ya ua wa hospitali ya umma. Matokeo yake yamebadili tiba barani kote. Lakini liko swali ambalo halijaulizwa kwa sauti inayostahili: mtoto aliyenusurika akifikisha umri wa miaka 20 au 30, ataweza kutembea?

Swali hilo linawahusu hasa watu wanaoishi na ugonjwa wa selimundu. Huu ni ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa duara na laini, hujikunja mfano wa mundu na kukwama katika mishipa myembamba. Anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hana ugonjwa, bali hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Katika eneo la Kilifi takriban watu 15 kati ya 100 wana jeni hiyo kwa upande mmoja, na wawili kati yao wakioana, kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa.

Pwani ina nafasi ya pekee katika historia ya maarifa haya. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali nchini na kugundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi kwa wakazi wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na adimu kwa watu wa nyanda za juu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1954, alichapisha hoja kwamba malaria ndiyo iliyoihifadhi jeni hiyo katika damu za watu. Madaktari waliipokea kwa mashaka, na leo hufundishwa katika shule za sekondari.

Tangu hapo Kilifi imeongeza mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliotumia kumbukumbu za watoto waliolazwa katika hospitali hiyo kati ya mwaka 1998 na 2008, ulionyesha kwamba mtoto mwenye selimundu alikuwa katika hatari iliyozidi mara 26 ya kupata maambukizi ya bakteria katika damu. Mwingine, wa mwaka 2019, uliwafuata watoto wachanga zaidi ya 15,000 na kukuta kwamba wanane hivi kati ya kila 1,000 walizaliwa na ugonjwa huo, na kwamba vifo miongoni mwao vilizidi mara 20 vile vya watoto wasio nao. Waliotambuliwa mapema na kuhudhuria kliniki walikufa kwa uchache zaidi.

Kisha ikaja dawa ya haidroksiyurea. Jaribio lililofanyika Kilifi, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake kutangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, liliwapa dawa hiyo watoto wapatao 600. Visa vya maumivu makali vilishuka kutoka 98 kwa kila watoto 100 kwa mwaka hadi 45, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Tukijumlisha dawa hiyo na chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011, ni dhahiri kwamba watoto ambao zamani wangezikwa kabla ya kuingia darasa la kwanza sasa wanafika utu uzima.

Hapo ndipo nyonga inapoingia.

Kichwa cha mfupa wa paja, kile kitufe kinachozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, hulishwa damu na mishipa michache na myembamba. Chembe zenye umbo la mundu zinapoiziba, sehemu ya mfupa hukosa hewa safi na kufa. Mfupa uliokufa hauonekani kwa nje wala hautoi usaha. Kwa miezi mingi mgonjwa huhisi maumivu ya kinena yanayoshuka hadi gotini, na si ajabu akatibiwa goti lisilo na kosa lolote. Eksirei ya awali huweza kutoka safi kabisa, kwani ni mtambo wa MRI unaouona ugonjwa katika hatua hiyo. Baadaye kitufe kile hubonyea kama yai lililogongwa, gegedu linaloulainisha mwendo huchanika, mguu hufupika na mtu huanza kuchechemea. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,500, ulikuta kwamba karibu mmoja kati ya kumi alikuwa tayari na tatizo hilo katika nyonga, na idadi ilipanda kwa kadiri umri ulivyosonga.

Mtu wa mjini mwenye kazi ya mezani anaweza kuishi na nyonga mbovu kwa muda. Kijana wa Kaloleni au Rabai anayetegemea kugema mnazi hawezi. Hawezi kukwea, hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, hawezi kusujudu akiwa ni wa kusali, na safari ya bodaboda kutoka vijiji vya ndani vya Ganze hadi hospitali humwacha akilia njiani. Huyu ana miaka 25. Hao tuliozoea kuwaona na magongo ni wazee, na pengine ndiyo sababu ugonjwa wake hauchukuliwi kuwa ni jambo la dharura.

Je, tiba ipo? Ipo, na si yote ya gharama kubwa. Kabla mfupa haujabonyea, madaktari wengine hutoboa tundu katika kichwa cha paja ili kupunguza shinikizo la ndani. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwalinganisha wagonjwa wa selimundu waliofanyiwa upasuaji huo pamoja na mazoezi ya tiba ya viungo na wale waliopewa mazoezi pekee. Baada ya takriban miaka mitatu haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Wagonjwa walikuwa wachache, kwa hiyo mtu asiuchukue kuwa ndio neno la mwisho. Lakini kwa kaunti yenye bajeti finyu hii ni habari njema, kwa kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo anahitaji chumba, mkeka na muda wa kutosha na mgonjwa, si chumba cha upasuaji.

Nyonga iliyokwisha kubonyea haiwezi kuponywa kwa mazoezi. Kinachobaki ni kuikata na kuweka kiungo bandia. Upasuaji huo katika sura yake ya sasa ni kazi ya Mwingereza John Charnley, ambaye mwaka 1962 katika hospitali ya Wrightington aliunganisha kitufe kidogo cha chuma na kikombe cha plastiki ngumu, akavishikiza kwa saruji maalumu ya mifupa. Wazee waliokuwa hawatoki kitandani waliinuka na kutembea. Jarida moja la kitabibu lilifika mahali pa kuuita upasuaji wa karne.

Shida ni kwamba Charnley aliwafikiria wazee. Takwimu zilizotolewa mwaka 2019, kutoka nchi zilizoweka sajili za viungo bandia kwa muda mrefu, zinaonyesha kwamba nyonga bandia zipatazo 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa bibi wa miaka 70 hilo latosha na kusalia. Kijana wa miaka 25 ajiandae kwa upasuaji wa pili, labda na wa tatu, na kila mmoja ni mgumu na ghali kuliko uliotangulia.

Tena mwili wa mgonjwa wa selimundu haufanani na mwingine mezani. Uboho wake umeziba na kukakamaa mahali mahali, kiasi kwamba daktari hutafuta kwa taabu njia ya kupitishia shina la kiungo bandia, na mfupa waweza kupasuka. Bakteria hupenda kujificha katika mifupa ya namna hiyo. Akipoa kwa baridi ya chumba cha upasuaji, akikosa maji au hewa, chembe zake hujikunja upya. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji bila kuongezwa damu kwanza walipata matatizo kwa asilimia 39, ilhali walioongezewa walikuwa asilimia 15. Kwa hiyo kabla ya kuuliza iwapo tuna daktari bingwa wa mifupa, tuulize iwapo benki ya damu ina chupa za kutosha siku ya upasuaji. Yeyote aliyewahi kutafuta damu Pwani mwezi wa likizo ya shule, wanafunzi ambao ndio wachangiaji wakiwa wametawanyika, anafahamu uzito wa swali hilo.

Kaunti ya Kilifi, iliyohesabiwa kuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya mwaka 2019, imekabidhiwa jukumu la hospitali zake tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Ipo shauku, na wanasiasa huipenda, ya kila kaunti kuwa na kila kitu: mtambo wake, bingwa wake, utepe wake wa kukatwa. Kwa nyonga bandia, nadhani shauku hiyo ingeleta madhara. Huu ni upasuaji unaotaka mikono inayoufanya mara kwa mara na chumba ambacho usafi wake hauna mjadala, kwani usaha ukiingia kwenye kiungo bandia mara nyingi hulazimika king'olewe. Ni afadhali Pwani nzima ikawa na kituo kimoja imara jijini Mombasa, umbali wa kilomita 60 hivi kutoka mjini Kilifi, kuliko sita dhaifu. Kwa miaka mingi wenye uwezo wamesafiri hadi hospitali za misheni za Kikuyu na Kijabe karibu na Nairobi, na sifa za hospitali hizo zimejengwa na wingi wa kazi.

Malawi, nchi maskini kuliko yetu, ina la kutufunza. Mwaka 2005 madaktari wake walianzisha sajili ya taifa ya viungo bandia, ambamo kila nyonga na kila goti lililowekwa huandikwa na mgonjwa kufuatwa. Sajili hiyo ndiyo iliyowawezesha kusema kwa ushahidi kwamba kufa kwa kichwa cha paja ni miongoni mwa sababu kuu za wagonjwa wao kubadilishwa nyonga, tofauti na Ulaya ambako ni uchakavu wa uzeeni. Bila daftari la namna hiyo, daktari wa Mombasa hatajua nyonga aliyoiweka iliishia wapi.

Goti nalo lina yake. Akina mama waliobeba mitungi ya maji kwa miaka 40 katika Magarini na Ganze wana magoti yaliyosagika, na kiungo bandia cha goti hudumu hata kuliko cha nyonga, kwani 82 kati ya 100 hufikisha miaka 25. Hao ni wengi kuliko wagonjwa wa selimundu, nao wamezoea kuambiwa kwamba ni uzee tu. Wanastahili makala yao.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ikiwakata wenye ajira asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini kuwa Sh300 kwa mwezi. Mgema hana hati ya mshahara. Mchango wake hukadiriwa na kutakiwa ulipwe wa mwaka kwa pamoja, na asipoulipa hana pa kushika siku nyonga inapobonyea. Ugonjwa huu unajulikana tangu mtoto akiwa mchanga, hivyo serikali ya kaunti ingeweza kuwalipia mchango huo wote waliomo katika daftari la kliniki ya selimundu bila kusubiri waje kuomba harambee.

Linabaki suala la nani huingia katika daftari hilo. Uchunguzi wa watafiti wa Kilifi kuhusu familia zenye ugonjwa huu, uliochapishwa mwaka 2011, ulieleza jinsi lawama zinavyomwangukia mama: ataambiwa watoto wake wote huzaliwa hivyo, na uhalali wa baba utatiliwa shaka, ingawa jeni hutoka kwa wote wawili. Mama anayelaumiwa huficha. Mtoto aliyefichwa hapati haidroksiyurea, na ingawa haijathibitishwa kwamba dawa hiyo huikinga nyonga, kliniki ndipo mahali pekee ambapo mtu angemwuliza kama kinena kinamuuma. Kipimo cha damu ya kisigino wakati wa kuzaliwa bado hakifanywi katika kila hospitali. Na hata aliyepimwa na kulelewa vyema na kliniki ya watoto hufika umri wa kuaga wodi hiyo, akakabidhiwa foleni ya watu wazima ambako hakuna amjuaye, katika miaka ileile ambayo nyonga yake huanza kufa.