Lenzi ya Nyumbani

Mwezi huu tuzungumze juu ya kamera. Siku hizi nyumba nyingi zinayo, na akina mama wengine hujipatia riziki kwa kupiga picha za arusi na ubatizo.

Sisi tunakaa Kilosa. Miaka michache iliyopita tulidunduliza fedha tukawapeleka watoto Mikumi, katika ile hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya Iringa hupita ndani yake. Baba watoto aliazima lenzi ndefu ya kuvuta. Tulirudi na picha nzuri za tembo, twiga na nyati.

Mwaka uliofuata mama mkwe alifariki. Tulipekua kila mahali tusipate picha yake hata moja ya kufaa. Zilizopigwa jikoni jioni zilikuwa na ukungu mtupu, na zile za flashi zilimwonyesha amekunja uso. Juu ya jeneza tuliweka picha ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka ikapoteza sura. Jambo hilo liliniuma sana, maana tembo walijaa albamu nzima.

Baadaye nilielewa kosa lilikuwa wapi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera kwa kawaida ni ya kuvuta, kama ile ya milimita 18 hadi 55. Mchana uani inafaa sana, lakini tundu lake la kupitisha mwanga ni dogo. Ndani ya nyumba kamera hulazimika kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mtu akisogea kidogo tu picha imeharibika.

Dawa yake ni lenzi ya milimita 35 isiyovuta, yenye tundu kubwa linaloandikwa f/1.8. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ile ya kuvuta ikiwekwa kwenye milimita 35 hufikia takriban f/4.5, na f/1.8 hupitisha mwanga kama mara sita ya huo.

Pengine utauliza, mbona wapiga picha wa zamani walisifu milimita 50? Picha ya filamu yao ilikuwa na milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi za dijiti za bei nafuu zina kihisi kidogo, kama milimita 24 kwa 16, kwa hiyo kingo za picha hukatwa. Zidisha 35 kwa 1.5 upate 52 na nusu, karibu sawa na ile 50 ya zamani. Ukifunga 50 kwenye kamera ya namna hii, sebuleni utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta. Kampuni ya Nikon ilitoa 35 yake ya f/1.8 kwa kamera hizi mwaka 2009. Uzito wake ni gramu 200 hivi.

Kabla ya kununua, hakikisha lenzi inaingia kwenye kamera yako, kwani mara nyingi ya kampuni moja haikai kwenye kamera ya nyingine. Ikiwa ni ya mtumba, itazame kwenye mwanga usije ukauziwa yenye kuvu ndani. Ukipiga kwa f/1.8, lenga macho, maana nyuma yake hufifia. Watu wakiwa wengi, punguza tundu mpaka f/4 au zaidi. Na kwa kuwa haivuti, utasogea kwa miguu yako. Mikumi haitakufaa sana: simba wa mbali atakuwa nukta tu, wala usithubutu kushuka garini kumfuata. Kwa safari ya siku moja, azima lenzi ndefu kama tulivyofanya sisi.

Binti yetu alinunua lenzi hii kwa fedha za kupiga picha arusini. Juzi alimpiga mama yangu mzazi akichagua mchele karibu na dirisha, bila flashi. Mikunjo ya uso wake yote inaonekana, na vidole pia. Mama alipoiona alicheka, akasema, “Kumbe nimezeeka hivi!” Kisha akaomba aoneshwe tena.

Kama huna fedha za lenzi, usingoje. Mkalishe mzee wako karibu na dirisha au mlangoni kabla jua halijazama, umpige picha kwa kamera au simu uliyo nayo.

Hadi mwezi ujao.