Mji Mkuu Umehama, Lango Limebaki

Wewe unayejifunza Kiswahili, leo nakuletea neno moja la kutafakari: lango. Nyumba hukutana na dunia langoni. Burundi ina lango moja la kimataifa la angani, nalo ni Uwanja wa Ndege wa Melchior Ndadaye, uliopo kilomita chache tu nje ya Bujumbura. Uwanja huo ulipewa jina hilo mwaka 2019, mwaka uleule ambao Gitega ilithibitishwa kisheria kuwa mji mkuu wa kisiasa, huku Bujumbura ikibaki mji mkuu wa kiuchumi. Makao makuu yalihama, lango halikuhama.

Kati ya Gitega na uwanja huo kuna takriban kilomita 100 za barabara ya milimani. Gitega yenyewe ina kiwanja kidogo kisicho na safari za kawaida za abiria. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba mji mkuu unaojiheshimu ni lazima uwe na uwanja mkubwa wa ndege. Hoja hiyo naipinga, nami naomba unisikilize kabla ya kunihukumu.

Chukua ramani, uweke kidole Muyinga, kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Kobero unaoingia Tanzania. Msafiri wa Muyinga anayeelekea uwanjani ana njia kuu mbili. Ya kwanza hupitia Ngozi na Kayanza. Ya pili hupitia Karuzi, Gitega na Muramvya. Zifuate zote mbili kwa kidole: zinakutana Bugarama, juu milimani, kisha zinateremka pamoja hadi Bujumbura. Kwenye mteremko huo malori, mabasi, teksi na waendesha baiskeli waliobeba ndizi hugombea lami moja yenye kona kali. Mvua ikiporomosha udongo pale, Gitega na Muyinga huumia siku moja.

Sasa jiulize: uwanja mpya utamponya nani? Utamsaidia mwenye tiketi ya ndege, naye ni mmoja kati ya wengi. Barabara iliyo salama humsaidia yeye pia, lakini humsaidia vilevile mgonjwa anayekimbizwa hospitali, mfanyabiashara wa maharage na mwanafunzi anayekwenda chuoni. Fedha ya umma ikiwa chache, haki inataka ianzie panapowagusa wengi. Isitoshe, katika miaka ya karibuni Warundi wamepanga foleni ndefu wakitafuta petroli. Nchi ambayo basi lake linakosa mafuta itayapata wapi mafuta ya ndege?

Watanijibu kwamba Tanzania ilianza kujenga uwanja wa kimataifa wa Msalato kwa ajili ya Dodoma. Ni kweli, lakini tazama mpangilio wa mambo. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam ilianza kuwafikisha abiria Dodoma Julai 2024, kabla uwanja wa Msalato haujakamilika. Mwananchi wa kawaida alipata usafiri wake kwanza. Sisemi Gitega isipate uwanja kamwe. Nasema zamu yake haijafika.

Tudai nini basi? Kwanza, kingo za barabara ya Bugarama ziimarishwe na mifereji yake isafishwe kabla ya masika, si baada ya maafa. Pili, shirika la umma la mabasi, OTRACO, lipewe magari na mafuta ya kuunganisha Gitega na uwanja wa ndege kwa ratiba inayofuata saa za ndege, na nauli ibandikwe mahali pa wazi ili abiria asipangiwe bei kwa kutazamwa viatu. Tatu, barabara ya Muyinga, Karuzi na Gitega itunzwe kama njia ya taifa. Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2025, mikoa ilipopunguzwa kutoka 18 hadi 5. Muyinga si mkoa tena; imo ndani ya Buhumuza, ambao makao yake yapo Cankuzo. Ofisi zikisogezwa mbali na mwananchi, ni wajibu wa serikali kumsogezea njia.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wetu upo barabarani, nasi tunazungumzia kujenga ukuta mpya kando yake.

Zoezi lako wiki hii: andika barua rasmi ya aya tatu kwa mwakilishi wako bungeni. Taja barabara moja unayoijua, eleza nani anaumia nayo, kisha udai jambo moja linaloweza kutekelezwa. Tumia neno "naomba" mara moja tu. Kwingine andika "tunastahili".